Mguu wa Mama Luhende

Wivu wa Générose haukuwa wa mume wala wa ng'ombe, ingawa Malale alikuwa na vyote viwili. Ulikuwa wivu wa mishipa ya damu. Ucheke usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Wote wawili walipata kisukari cha sindano wakiwa watoto, wakalazwa wodi moja Mpanda mjini na kufundishwa pamoja kujidunga insulini. Générose akarudi kwao Mishamo, kwenye makazi ya Warundi, kwenye mihogo na maharage, akawa anaitunza dawa yake ndani ya mtungi uliofukiwa kwenye mchanga mbichi. Malale, binti wa Kisukuma, akaolewa Majengo kwenye nyumba yenye friji. Akamzaa Luhende, na watu wakamsahau Malale, akawa Mama Luhende. Générose hakuwa na wa kumpa jina. Mchumba wake Egide, alipoiona sindano tu, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli Mwese, na shughuli hiyo haijaisha mpaka leo.

Hayo yote angeyameza. Kilichomkaa kooni ni vipimo. Mwaka jana mkojo wake ulikutwa na protini; daktari akamweleza kwamba mishipa midogo ya figo imeanza kuvuja, akamwandikia vidonge. Mkojo wa Malale? Safi. Macho? Safi. Na huyo ndiye anayekunywa soda harusini na kusema Mungu anajua! Générose, anayepima hata ugali wake, alijiona amepunjwa mchana kweupe.

Kliniki yao ilikuwa na utaratibu aliouanzisha muuguzi, Sista Romana. Wagonjwa walikaa wawili wawili, kila mmoja akampakata mwenzake mguu, akautafuta mshipa unaopiga juu yake, kisha akamvalisha kiatu. Mshipa ukipiga vizuri, damu inafika vidoleni. Usiposikika, Sista anaitwa. Alishawaambia wasitumie kidole gumba, lakini Générose alikuwa na sababu zake: vidole vingine vilikuwa vimeota sugu kwa kutobolewa kila siku kupima sukari, na gumba ndicho pekee alichokihurumia. Basi kila mwezi aliweka gumba, na mguu wa Malale ukamjibu kwa kishindo mpaka akatamani kuufinya.

"Unapiga?" Malale huuliza.

"Kama ngoma za kwetu," hujibu, roho inamuuma.

Mwezi huu alifika na kitambaa kwenye gumba; alijikata akimenya mihogo. Akaweka vidole viwili juu ya mguu wa kushoto wa Malale. Kimya. Akasogeza, akabonyeza, akalegeza. Kimya.

Alifurahi, tusidanganyane. Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Na wewe leo umepatikana, alisema moyoni.

"Mbona unachelewa, dada? Unapiga?"

Akahofia huenda ni sugu za vidole zinazomdanganya, na raha yake ni ya bure. Akafungua kitambaa, akaweka gumba palepale. Du, du, du. Kumbe upo! Akaghadhibika, akaliondoa gumba na kuliegemeza kwenye ukingo wa benchi.

Du, du, du.

Benchi nalo lilikuwa na mshipa.

Alikaa akiutazama ule ubao. Miaka yote hiyo alikuwa akiionea wivu damu yake mwenyewe. Na mguu wa Malale ulinyamaza tangu lini, nani ajuaye? Akauangalia sawasawa kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa baridi, na penye mkanda wa kiatu palikuwa na kidonda kidogo ambacho Malale alisema ni cha mbu.

Angeweza kusema unapiga. Ni neno alilolizoea, na hakuna ambaye angemuuliza.

"Sista Romana! Njoo huku, tafadhali."

Sista akapapasa kwa muda mrefu, mbele, kisha nyuma ya kifundo. Akakunja uso. Akasema Malale haendi nyumbani. Anaenda kwa daktari sasa hivi, wampime presha ya mkono na ya kifundo walinganishe, na kile kidonda kisafishwe.

"Lakini ulisema unapiga," Malale alimgeukia Générose. "Kila mwezi ulisema."

"Ulikuwa wangu, Mama Luhende. Nilikuwa nausikia wangu."

Akakiokota kiatu amvalishe kama kawaida. Malale akampokonya, akainama, akavaa mwenyewe.