Nyavu Tumboni

Mtu akiiba wavu uliozindikwa kwa dawa ya mganga, wavu ule humfuata mpaka ndani ya tumbo. Hauingii kwa mdomo, wala sijui unaingilia wapi, lakini unaingia wote, na maboya yake na mawe yake, kisha unaanza kazi kama kawaida. Unavuta maji. Tumbo linajaa ziwa. Mwizi akilala chali, ukimwekea sikio kitovuni, unasikia sato wanapiga mikia wakitafuta pa kutokea. Ndivyo tulivyoambiwa pale ufukweni Igogo, Mwanza, na mimi niliamini kama nilivyoamini kwamba mbili na mbili ni nne. Tena hilo la mbili na mbili nilikuwa na cheti chake, nimekipata kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, kimegongwa muhuri.

Msinicheke peke yangu. Ufukwe mzima uliamini, na sababu tulikuwa nazo. Miaka ile ya ujamaa wavu ulikuwa mali kuliko mke wa pili. Dukani ulikuta rafu, ukamkuta na mwenye duka, bidhaa ndiyo usiikute. Nyavu za nailoni zikija, zilikuja kwa kibali, na kibali hakikutolewa kwa mtu bali kwa kikundi. Kwa hiyo wavuvi wa mwalo wetu, tuliotia nanga ufukwe mmoja, tukaunda kikundi: mtumbwi mmoja mkubwa wa mbao, mashine moja ya kuusukuma, nyavu za pamoja, na mwenyekiti, mzee wa Kisukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko ng'ambo ya ziwa. Mimi sikuwa na shamba wala ng'ombe. Nafasi yangu ndani ya mtumbwi ule ndiyo ilikuwa shamba langu na ng'ombe wangu, na wanangu walikula kutoka humo.

Wizi ulikuwa wa kutisha. Tulifunga mtumbwi kwa mnyororo na kufuli. Wezi wakachukua mnyororo na kufuli, wakatuachia mtumbwi, maana mnyororo ulikuwa adimu zaidi. Mashine tuliibeba begani kila jioni hadi kwa mwenyekiti, ikalazwa chumbani kati yake na mkewe, mpaka mama yule akatangaza kwamba yeye aliolewa na mwanamume mmoja tu, na huyo wa pili ananuka mafuta. Makasia yalilala chini ya vitanda vyetu. Tatizo likabaki mtumbwi wenyewe, ambao haukuwa na kitanda cha kuutosha.

Wazo la kuuficha lilikuwa langu. Mbele kidogo ya mawe ya ufukwe wetu palikuwa na kighuba, maji yametulia kama chai iliyosahauliwa, na matete marefu kuliko nyumba. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, niliingia majini hadi kiunoni, nikausukuma mtumbwi katikati ya matete, nikaufunika, nikarudi taratibu nikifuta nyayo zangu kwenye tope. Asubuhi niliingia tena kuutoa. Kazi ilinifaa kwa sababu ya urefu wangu. Enzi zile twiga angeweza kuniomba nimchumie majani. Mwenyekiti akanipa cheo: mlinzi wa chombo. Cheo hicho nilikipenda hadi nikawa nakitaja katika kuomba kabla ya kula. Na kwa kweli, tangu nianze kuuficha, mtumbwi haukuguswa hata ubao.

Nyavu ndizo zilizotushinda, kwa kuwa wavu uliofichwa hauvui. Unautega jioni, unaufuata asubuhi, unakuta maji matupu. Ndipo mwenyekiti akaleta mganga wa kuzindika. Alikuja mchana kweupe amevaa suti, kalamu mbili mfukoni. Akachanja boya la kwanza la kila wavu, akapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, akataka kila mwanachama ateme mate juu yake.

"Nani hajatema?"

"Wote tumetema, mzee."

"Basi dawa imewajua. Akiiba mgeni, tumbo. Akiiba mwenyeji, tumbo. Hata mimi nikiiba, tumbo."

Mwenyekiti akaongezea, kwa ile r yake aliyotoka nayo nyumbani, "Nyinyi rareni. Dawa yenyewe hairari."

Tukalala. Msimu mzima hakuna aliyegusa uzi wetu, na mwenyekiti akawa anapita kwenye mialo ya wenzetu kifua mbele kana kwamba mate yote yalikuwa yake. Kisha asubuhi moja tukakuta nyavu tatu hazipo. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyekwenda polisi wala kwa balozi wa nyumba kumi. Watu walisimama tu mchangani wakaanza kutazamana chini ya kifua.

Siku zile hapakuwa na tumbo lililopita Igogo bila kukaguliwa. Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vyombo vya uvuvi mjini, ambaye tumbo lake lilifika mlangoni yeye bado yuko barabarani, alikuja mwaloni kununua samaki. Vijana wakanong'onezana.

"Lile je?"

"Aka! Lile la samli, tunalijua tangu mkoloni. Tunatafuta jipya."

Jipya lilikuwa langu.

Lilianza kwa uchovu. Mimi niliyekuwa nikisukuma mtumbwi kama nasukuma mlango, nikawa napumzika katikati ya matete nimeshika ubao. Chooni nikaona damu, nikailaumu pilipili. Halafu mkanda wa suruali ukakataa tundu lake la siku zote, ukahamia la pili, ukahamia la msumari nililotoboa mwenyewe. Mikono na miguu ikawa fito, tumbo likawa mtungi.

"Mlinzi, unatarajia lini?" kijana wa mashine, yule aliyeiendesha, aliniuliza.

"Mwezi wa nane," nikamjibu. "Akiwa wa kiume nitampa jina lako."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka kuwazidi. Juma lililofuata nilirudia utani ule mwenyewe, hakuna aliyecheka. Nilipokaa kwenye ukingo wa mtumbwi, waliokuwa karibu yangu wakakumbuka kazi upande wa pili.

Nyumbani nako mambo hayakuwa nafuu. Mke wangu alisubiri watoto watoke, akakaa kitako mbele yangu.

"Baba watoto, mimi ni mkeo. Ulizipeleka wapi?"

"Nini?"

"Nyavu."

"Sikuiba, mama."

"Sijasema umeiba. Nimeuliza ulizipeleka wapi."

Akainama akaweka sikio kitovuni. Nikamwuliza anasikia nini. Akasema kuna kitu kinatembea. Ilikuwa njaa, nadhani, maana mgao wangu wa samaki ulishaanza kupungua bila maelezo. Lakini wakati ule sikuiwaza njaa. Kwa sababu mimi mwenyewe niliamini dawa! Nilikuwa nimetema mate kwenye lile boya. Nikawa najihoji kama hakimu: labda niliamka usingizini, nikaogelea, nikazifungua nyavu, nikaziuza, nikarudi kulala, na asubuhi nimesahau. Kwa urefu wangu ilikuwa inawezekana. Nilipekua hadi juu ya dari la nyumba yangu nikitafuta nyavu nilizoiba.

Nikamfuata mganga. Hakutaka hata kunigusa.

"Rudisha, litashuka."

"Sina cha kurudisha, mzee. Sikuchukua."

"Basi litakaa."

Nilirudi njia nzima nikiyapima maneno yale. Tumbo haliulizi nani aliiba, nikajiambia. Tumbo linataka nyavu zirudi. Likipata nyavu litashuka, likishuka nitarudi kazini. Niliona hesabu imekaa sawa. Kitu cha thamani nilichokuwa nacho kilikuwa baiskeli, nayo niliilinda kuliko nilivyolinda mtumbwi wa watu: ililala ndani, mnyororo umepita kwenye gurudumu ukazunguka mguu wa kitanda, hivi kwamba anayeiba baiskeli angeondoka na mimi na mke wangu. Nikaifungua, nikaikokota hadi kwa yule mzee wa Kihindi. Aliikagua breki, akapiga kengele, akaridhika.

"Wewe nataka nini?"

"Nyavu."

"Kikundi yako iko na kibali."

"Si za kikundi. Nataka za kurudisha."

"Kurudisha kwa nani? Watu nanunua nyavu kwenda kuvua, wewe nanunua kurudisha?"

Akanitazama tumboni, akatazama lake, akaingia stoo, kwenye zile zisizouzwa kwa kibali. Baiskeli yangu ilitoa nyavu mbili. Ya tatu haikupatikana kwa bei yoyote.

Nikazibeba kichwani hadi mwaloni asubuhi, watu wote wapo, nikaziweka mchangani mbele ya mwenyekiti. Nilitegemea kitu gani? Nadhani nilitegemea wataona mtu anayetaka kupona.

"Shikamoo mzee. Nimerudisha."

"Marahaba." Akazigusa kwa kidole cha mguu. "Zirikuwa tatu."

"Ya tatu sikuipata."

Kijana wa mashine akachuchumaa, akanusa. "Mzee, mbona mpya hizi? Zina harufu ya dukani."

"Amezifua," mwenyekiti akasema.

"Mzee, sikuiba. Nimezinunua ili nirudishe, nirudishe ili nipone."

"Kijana, tumbo rimesema kabra yako. Mtu gani anarudisha asichoiba?"

Nilikuwa na cheti. Nilikuwa nimesoma hadi mafumbo ya hesabu, treni inatoka Tabora na nyingine inatoka Mwanza. Swali lile halikuwemo. Wakanitaka niache kasia, nitoke kikundini, na wakanipokonya cheo palepale, hata asubuhi ileile hawakuniacha niutoe mtumbwi. Nilisimama juu ya mawe nikamwona kijana wa mashine anaingia kighubani kwa zamu yangu, maji yakimfika kifuani kwa sababu ya ufupi, akihangaika kuachanisha matete. Alikuwa anakosea. Nilitamani kumpigia kelele ashike upande wa nyuma, wa tezi, kwanza.

Tumbo halikushuka. Mke wangu alilizungushia kamba kila Jumapili akaifunga fundo, na kila Jumapili fundo lilihama kuelekea mwishoni. Alianza kuniuliza kwa upole ilipo ile ya tatu. Watoto wakala ugali na mboga za majani, wakaonywa na watoto wa wenzangu wasiguse mitego ya watu. Samaki tulisikia harufu yao tu kutoka nyumba za jirani. Mimi niliyekuwa nikiongea hadi na mbwa, nikawa nakaa nyuma ya nyumba naangalia ukuta, na nawaambia ukweli, ukuta ule naujua tofali kwa tofali hadi leo.

Siku niliyotapika damu, mke wangu hakuuliza tena habari za nyavu. Aliazima mkokoteni, akanipakia kama gunia la viazi, akanisukuma mwenyewe hadi zahanati.

Muuguzi alikuwa mama kijana wa Kihaya. Aliniamkia kwa heshima, akanituma kuleta choo kwenye kiberiti kitupu, akakipeleka chumba cha pili chenye hadubini. Aliporudi alikaa, akaniuliza nafanya kazi gani.

"Nilikuwa mlinzi wa chombo," nikasema.

"Chombo gani, baba?"

Basi nikamweleza yote: mnyororo, matete, boya, mate, nyavu tatu, baiskeli. Nikamwambia na ya sato wanaopiga mikia. Nilingoja acheke. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Huko kwenye matete ulikuwa unaingia mara ngapi?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Baba, tumboni mwako hakuna wavu," akasema. "Ni kichocho. Kinaenezwa na konokono wadogo wanaokaa kwenye majani, penye maji yaliyotulia, kama hapo ulipokuwa unaficha mtumbwi; wadudu wake huingilia kwenye ngozi. Nyavu zenu sijui nani aliiba. Dawa ya kuua wadudu nitakupa, lakini ini limeshaumia, na tumbo hili halitarudi lilivyokuwa. Ziwani usiingie tena. Na huyo anayeuficha sasa hivi, mwambieni naye aje."