Rangi ya Migunga

Mimi ndiye niliyemwingiza kazini. Alikuwa jirani yangu Kianda, huku Kibera, mlango kwa mlango, hana kibarua, nikamwombea nafasi kwa watafiti waliokuwa wakifuatilia migunga kwetu Kitui: ipi imekauka, ipi imekatwa kuchomwa makaa. Jua la kule halina huruma, lakini alivumilia. Kila mti tuliouhesabu tuliupaka mstari mwekundu, na kistari kifupi chini yake.

“Paka kimo cha kifua,” nilimfundisha. “Ukipaka chini, mbuzi watajisugua hapo waifute yote.”

Akacheka, akashika haraka. Kazi ilipoisha, mkebe wa rangi ulibaki chumbani kwake, kwa sababu kwangu kulikuwa na watoto.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, Kibera ikawaka. Nikaamua kukimbiza familia yangu kwa dada yangu anayeishi Kabiro.

“Nyinyi endeni, brathe,” aliniambia. “Vitu vyako nitakuchungia.”

Siku ya tatu nilirudi asubuhi kuchukua nguo za watoto. Milango yote iliyovunjwa kwenye ploti yetu ilikuwa na alama nyekundu. Wangu ulikuwa umelala chini, chumba kitupu, hata pazia hawakuniachia. Wake ulikuwa mzima, bila doa.

“Ni watu wa nje walipaka hizo alama,” akasema, macho chini. “Hata hatuwajui.”

Mshenzi. Niliuinua mlango wangu, nikausimamisha. Mstari mmoja mwekundu, kistari kifupi chini yake. Kimo cha kifua, pale mbuzi hafiki.