Uzi Mwekundu wa Tantini Veneranda

Nakumbuka asubuhi moja sokoni Majengo, mwanangu, mtu alisimama mbele ya magunia yetu akiwa na kifurushi cha jani la mgomba mkononi, amekishika kama mtu anayempelekea mgonjwa chakula. Nilimtambua. Lakini ona, nimeanzia mwisho. Ngoja nirudi nyuma, sisi wazee ndivyo tulivyo.

Juzi uliniuliza kwa nini nashona magunia yangu kwa uzi mweupe, na huku ndani ya kopo la sindano kuna donge la uzi mwekundu ambalo siligusi. Uzi ule ni wa shangazi yangu, Tantini Veneranda, aliyenifundisha kuuza mbegu za maharagwe. Siku zile kila muuzaji alishona mdomo wa gunia kwa mshono wake. Wa Tantini ulikuwa mwekundu, na mafundo matatu pembeni. Magunia ya wengine wateja waliyafungua palepale, wakaingiza mkono mpaka begani kutafuta uchafu. La Tantini hawakulifungua. Mkulima alilipakia hivyo hivyo, akalifungulia shambani kwake Rutshuru. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye sikumsikia akimwita mteja hata siku moja.

Wala haikuwa bahati. Kabla ya kushona alichukua punje kumi za kila gunia, akazifunga katika kitambaa chenye maji, akangoja siku nne. Zikichipua, gunia ni la shamba. Zisipochipua, ni la sufuria, na bei yake hushuka. Mimi nilinuna kwa ule ungojaji, yeye akanicheka tu.

Kisha volkano ikalipuka, mto wa mawe ya moto ukashuka mpaka mjini. Nyumba yake iliungua tukiitazama, na yangu pia. Depo yetu ya mawe, tulimoweka magunia, ilipona: mto ule wa moto ulisimama nyuma ya ukuta wake, ukakaa pale siku nyingi ukipoa polepole. Tulienda kulala mtaa wa Katindo kwa jamaa, watu kumi na wawili katika chumba kimoja. Moshi ulimwumiza Tantini kifua, akalala kitandani, biashara akaniachia mimi. Nilikuwa na mtoto mgongoni na wazo moja kichwani: mbao za kujengea.

Magunia yaliyoegemea ule ukuta yalikuwa mazuri kwa macho. Nilifanya kama nilivyofundishwa, punje kumi, kitambaa, maji. Siku ya nne nilifungua, nikakuta imechipua moja. Joto la ukuta lilikuwa limeua mbegu, ganda likabaki zima linang'aa. Watu wengine nimewaambia kwamba sikujua. Wewe unaanza biashara, kwa hiyo nakuambia ukweli: nilijua. Kitambaa nilikitupa chooni, nikachukua sindano na uzi mwekundu.

Wiki ileile barabara ya Rutshuru, ambayo vita vya waasi vilikuwa vimeifunga, ilifunguliwa. Watu waliokimbia walirudi mbio kulima kabla mvua haijawapita. Mmoja wao alikuwa Papa Bahati, mtu mpole mwenye kofia ya sufu. Yeye na majirani wawili walikuwa wamechanga ili wanunue gunia moja la kupanda. Nilimuuliza kama anataka kuangalia ndani. Mpaka leo sijui ningefanya nini kama angekubali.

Alicheka. "Mushono ya Tantini Veneranda? Ile hatufungulake hapa, mama. Njo maana nimekuja kwenu."

Nilimsaidia kulifunga gunia kwenye pikipiki, nikamtakia mvua njema. Katika yote niliyoyafanya, ile salamu ndiyo inayonichoma zaidi.

Sasa turudi kwa yule mtu na jani lake. Tantini alikuwa amepona, ameketi karibu nami. Papa Bahati alifungua jani mbele yake. Ndani mlikuwa na udongo na maharagwe yaliyovimba, yameoza. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama, tulipanda. Mvua ilinyesha muzuri. Tulingojea, tukafikiri ni panya. Nikafukua."

Tantini alivunja punje moja kwa ukucha, akanitazama. Alimwambia Papa Bahati achague gunia lingine, ni lake, hatalipa.

"Aksanti, mama," alisema. "Lakini wakati ya kupanda imekwisha kupita."

Alilichukua hata hivyo, mbegu nzuri kabisa, ili watoto wapate cha kupika. Alipoondoka, Tantini aliomba makasi. Alikata mshono wa kila gunia letu, moja baada ya jingine, wanawake wa soko wote wakitazama.

"Muingize mikono," aliwaambia. "Tangu leo kila mutu aangalie mwenyewe."

Hakunipiga, hakunitukana. Tulipokuwa njiani kurudi Katindo ndipo aliposema, bila kunitazama: "Volkano ilikula nyumba yangu, sikulia. Nilisema, jina iko. Sasa na jina imeungua, na hii haikuunguzwa na volkano."

Aliishi miaka miwili tu baada ya hapo. Watu walichimba magunia yake kama ya mtu yeyote, naye aligeuza uso pembeni mpaka wamalize. Mimi nilikwenda Rutshuru kumwomba Papa Bahati msamaha, lakini nilichelewa, maana vita vilikuwa vimerudi na barabara ikafungwa tena. Ilipofunguliwa nikafika, nilikuta majani yameota mlangoni mwake. Jirani aliniambia waliondoka kwa njaa, hata kabla ya risasi. Kama angevuna, pengine angebaki. Sijui, na sitajua. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu huyu nimemlea mpaka nimezeeka.

Basi sikiliza. Mtu asipofungua gunia lako, ameweka msimu wake mzima mkononi mwako. Gunia utalirudisha, msimu huwezi kuurudisha. Na jina unaloanza nalo mara nyingi si lako, kuna mtu alilijenga kabla yako, kwa hiyo usilitumie kama la kuokota. Zisipochipua, sema ni za sufuria, hata kama leo utalala njaa. Na ukikosea, mfuate mtu wako kabla hajafukua mwenyewe.

Uzi mwekundu sitakupa. Kesho nenda ununue wako, rangi yoyote isipokuwa ile. Mungu abariki mikono yako, akupe subira ya siku nne, na mvua iwakute wateja wako na mbegu hai. Na siku moja mtu akikataa kufungua gunia lako sokoni, uweze kumtazama machoni.