Boneti ya Jirani

Niseme wazi tangu mwanzo: nilimwonea wivu mchonga vinyago kwa sababu ya baba yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, fundi wa magari mwenye cheti, mke na watoto watatu. Mtu wa aina hiyo hapaswi kuwa na wivu wa kitoto, lakini mimi nilikuwa nao, tena mwingi.

Tuliishi Makadara, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mke wangu alikuwa nyumbani magharibi na watoto, akilima, kama ilivyokuwa kwa wanaume wengi wa pale. Mama alipofariki nilimleta mzee tukae naye katika chumba changu kimoja. Alikuwa amemwendeshea Mzungu mmoja gari kwa miaka kumi na minne, wakati wa ukoloni na kidogo baada yake. Dereva wa siku hizo hakuruhusiwa kutia spana kwenye injini. Gari likiharibika lilipelekwa gereji. Kazi yake ilikuwa kuendesha na kupanguza, na kila asubuhi, kabla bwana hajanywa chai, alifungua boneti na kupanguza kila kilichokuwamo kwa tambara. Mimi sikuiona hiyo kuwa elimu.

Tangu aje hakuwa na maneno. Nikirudi kutoka gereji yetu kule Industrial Area namwuliza habari za kutwa, anasema nzuri. Namwuliza kama amekula, anasema amekula. Basi, yanaishia hapo, kila mtu anaangalia ukuta wake.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mkamba, mchonga vinyago vya twiga na vifaru vya kuwauzia watalii. Siku moja nilikuta gari limekokotwa mpaka mbele ya nyumba yake, gari dogo la Kiingereza lililotengenezwa kabla ya Uhuru, limekaa juu ya mawe bila magurudumu. Mteja wake mmoja alikuwa amemweleza kwamba kila mwaka wenye magari ya kale hukusanyika kuyaonyesha, na waamuzi hufungua boneti wakatafuta kitu chochote ambacho si cha zamani zile. Jirani akashikwa na hamu. Akaja kwangu kwanza, hilo nalikumbuka vizuri, maana baadaye nilijifanya nimesahau.

"Fundi, nataka ndani ya boneti iwe vile ilitoka kiwandani. Mtu akifungua, aone ile miaka ya hamsini."

Nilicheka. Nikamweleza tutatupa takataka zote zile, tuweke kabureta mpya, waya mpya na hosi za kisasa, na gari litanguruma.

"Kunguruma itanguruma," akasema. "Mimi nataka sura."

"Sura ya injini? Kwani injini ni bibi harusi?"

Mzee alikuwa ameketi kwenye kibao mlangoni petu. Aliinuka, akaja polepole, akainamia injini. Akashika waya mmoja kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi.

"Hii plastiki nyekundu imetoka wapi?" akauliza. "Waya za hapa zilikuwa zinavaa nguo."

"Nguo gani, baba?" jirani akauliza.

"Uzi. Umesukwa. Kahawia, na ile ya taa ilikuwa na mstari mwekundu."

Alimwita baba. Mimi mwenyewe, mwanawe wa kuzaa, nilikuwa namwita mzee tu.

Kuanzia siku hiyo nilimpoteza. Naondoka asubuhi namwacha kwenye kibao, narudi jioni nakuta kibao kimehamia kwa jirani. Mke wa jirani alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya Kikamba. Alichukua waya za kawaida za dukani, akazisukia uzi wa pamba kuzizunguka, vidole vyake vikienda bila yeye kuangalia, na mzee kando yake akimwambia rangi. Huu kahawia mtupu. Huu tia kijani. Huu mweusi, unakwenda kwa honi. Wakimaliza wanaupitisha uzi kwenye nta ili ukae imara. Nilikuwa nimefungua mamia ya injini na sikujua honi ilikuwa na waya wa rangi gani.

Jirani naye alikuwa na mambo yake. Hosi za redieta alizisugua kwa rangi nyeusi ya viatu, vile wanavyong'arisha vinyago, na mzee akamzuia. "Hapana. Hosi haikuwa inang'aa. Ukipanguza, tambara lilitoka na vumbi, halikutoka na weusi." Klipu zangu za skrubu za kubania hosi, nilizokuwa nimempa kwa ukarimu wa uongo, walizitoa wakafunga waya wa chuma uliosokotwa. Bloku, mwili wenyewe wa injini, waliipaka kijani kilichofifia, baada ya kuchanganya makopo manne na kubishana kwa siku tatu.

Na alikuwa anacheka! Nalisikia cheko lake kupitia ukutani nikiwa napika ugali peke yangu. Nilikuwa sijawahi kulisikia cheko hilo tangu tumzike mama. Badala ya kufurahi nikagonga mwiko kwenye sufuria mpaka donge likaniruka mkononi.

Gereji nako walinitania. "Niaje fundi, buda wako amepata job kwa Mkamba?" mmoja akaniuliza. "Ama mzee amemchukua Mkamba awe kijana wake?"

Nikaamua kuwaonyesha. Jumapili moja wote walipokwenda kanisani, mzee akiwa amefuatana nao, nilibaki na kopo la rangi ya fedha na brashi mpya. Nilikipaka kile kifuniko cha juu cha injini, mikono miwili ya rangi, kikang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Pale gereji wenye mabasi ya matatu walikuwa wanatupigia magoti tuwapakie hivyo. Nikaketi nikingoja kusifiwa.

Mzee alifungua boneti akiwa bado na Biblia kwapani.

"Nani ameharibu hapa?"

Jirani aliniangalia, akaangalia brashi kando ya mlango wangu, akasema kwa upole, "Si kitu, baba. Tutakwangua." Upole wake ndio ulionichoma. Walikwangua siku mbili, wawili hao, kwa msasa na mafuta ya taa.

Mwishowe kikabaki kitu kimoja. Kichungi cha hewa cha asili kilikuwa kimepotea, lile kopo jeusi la bati, pana na fupi, linalokaa juu ya kabureta na mafuta ndani yake. Bila hilo boneti ilikuwa na pengo katikati, na siku ya maonyesho ilikuwa imekaribia. Mzee akachukua jukumu la kulitafuta. Alivaa koti lake la udereva akatembea kwa miguu Jogoo Road yote, hadi Shauri Moyo, hadi Kamukunji kwa wagonga mabati, hadi Eastleigh nyuma ya gereji za Section Three. Anarudi jioni viatu vimejaa vumbi. "Bado," anamwambia jirani. Mimi haniambii.

Katika juma hilohilo nililipata. Lilikuwa nyuma ya gereji yetu, chini ya milango ya malori iliyooza, limejaa matope na mayai ya mjusi. Msimamizi akaniambia nichukue tu. Nilipanda nalo basi nikiwa nimelipakata, na njia nzima nilikuwa nawaza jinsi nitakavyompa mzee mkononi. Kisha nikafika, nikawakuta wamekaa kwenye benchi moja, wanakula mahindi ya kuchoma, jirani amemvunjia nusu ya hindi lake. Nikapita. Nikaingia ndani nikalifunga kopo kwenye gunia, nikalisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani.

Sitatafuta kisingizio. Nilitaka washindwe. Nilitaka wakose hicho kitu kimoja, mzee arudi kwenye kibao chetu, aone kwamba kwa yule mtu hakuna la maana. Kwa siku tisa nilimwangalia akitoka na koti lake na akirudi na vumbi lake, na usiku nililala juu ya kile alichokuwa akikitafuta.

Jumamosi, siku moja kabla ya maonyesho, roho ilinisuta. Au labda nilichoka tu kuwa mtu wa namna ile. Mzee alikuwa amekwenda tena Shauri Moyo. Nilipiga magoti nikalivuta gunia, na niliposhika nikajua kuna kitu. Lilikuwa limekunjwa vizuri. Mimi sikunji gunia. Nikafungua.

Kopo lilikuwa safi. Matope hayakuwapo, hata kwenye mkunjo wa mfuniko. Lilinukia mafuta ya taa. Limepanguzwa kwa mkono unaojua, pande zote, na bolti yake ya katikati ilikuwa imepakwa mafuta kidogo. Mwenye kufagia chumba kile kila siku alikuwa mzee, na mimi katika ujanja wangu wote sikuwa nimelifikiria hilo. Alilikuta, akalisafisha, akalirudisha mahali pake, kisha akavaa koti akatoka kwenda kulitafuta.

Halafu nikalibeba hadi kwa jirani, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kulipeleka. Jirani alipiga kelele, mkewe akatoka na vigelegele, majirani wakachungulia. Tulikuwa bado tumesimama kwenye boneti mzee alipotokea kona ya bombani.

"Baba, njoo uone!" jirani akaita. "Imepatikana!"

Mzee alikuja, akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku kama mtu anayeliona mara ya kwanza.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Lakini fundi, umeitoa wapi?" jirani akaniuliza. "Mzee amezunguka Nairobi nzima."

Niliinama nikajifanya napanguza kabureta.

"Huyu ameitafuta sana," mzee akasema. "Hata usiku halali. Mimi nimeshindwa, yeye ameweza. Nilikuambia kijana wangu ni fundi."

Jirani akanishika mkono, akautikisa, akaniita ndugu. Mzee akanikabidhi kopo na spana. "Ifunge wewe," akasema. Nikainama kwenye injini ile nzuri, yenye waya zilizovaa nguo, nikafunga bolti ambayo yeye alikuwa ameshaitia mafuta.

Miezi yote ile nilikuwa nangoja anisifu mbele ya yule mtu. Alinisifu, na alipokuwa akinisifu hakuniangalia usoni.