Nafasi Waliyoniachia Mkekani

Ulikuwa mwaka ule sombe ya kuganda, majani yetu ya muhogo, ilipoanza kuuzwa Alum Rock Road, ngumu kama tofali, na sisi Wakongomani wa Saltley huku Uingereza tukaacha kudanganya matumbo yetu kwa mchicha wa kopo. Bugali bado tulisonga kwa semolina. Ndagala, dagaa wa kwetu, tulizila mtu akitoka safari tu, na basi zima likajua kwa harufu tumezipata. Mwaka huo ndipo mdogo wangu alipokufa kwetu Uvira, na mimi sikumzika.

Karatasi nilizopewa na Waingereza zilisema naweza kusafiri nchi zote za dunia isipokuwa ile niliyotoka. Basi nililia hapa hapa sebuleni, majirani wakileta viti na vikombe, mvua ikinyesha ile mvua yao isiyo na haraka.

Matanga ya hapa yalipokwisha, ikaja kaseti ndogo ya video, imeletwa na mama mmoja wa kanisa letu. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, akaiingiza kwenye komputa. Huyu msichana alikuwa fundi, nasema bila aibu. Wahindi waliotoka Nairobi walimwita mpaka Acocks Green kupiga video za harusi zao, na bwana harusi alikaa akamngoja yeye apange kamera. Waulize wana wenu kama kuna anayengojewa hivyo.

Tukaangalia. Jeneza liko uani. Wanawake wote wamejifunga kitenge kimoja cha kijani, sare ya kilio, wamekaa mkekani wamebanana mabega. Lakini karibu na kichwa cha jeneza pana nafasi wazi. Nikadhani ni ya mtu aliyekwenda chooni. Halafu mama mmoja akaigeukia ile nafasi, akatoa kitambaa, akapangusa machozi ya hewa. Mwingine akaiinamia akasema, "Pole, mama mkubwa." Mtoto mdogo akakatiza pale, akavutwa mkono mpaka akalia.

"Pisha! Usimkanyage Koko!"

Koko ni mimi. Ndivyo wajukuu wote wa ukoo wetu wanavyoniita.

Picha ikaruka, wako makaburini. Kifungua mimba wa marehemu akainama, akamshika kwapani mtu asiyekuwepo, akamtembeza taratibu hadi kwenye shimo, mwendo wa mzee mwenye magoti mabovu. Yalikuwa magoti yangu. Aliyakumbuka vizuri mno.

Pamoja na kaseti kulikuwa na kitenge kile kile cha kijani, kipande changu. Kifungua mimba mwenyewe akanieleza kwa simu.

"Mama mkubwa, tumekuachia nafasi. Huyo mjukuu wako anajua kumweka mtu kwenye picha. Upande wa baba hawataki tumalize matanga mpaka dada mkubwa wa mama yetu aonekane anatupa udongo. Wanasema nyinyi mlimtupa."

Hapo ndipo aliponikamata. Mimi nimtupe mdogo wangu, niliyembeba mgongoni kabla sijaota meno ya ukubwa? Nikakubali.

Mjukuu akatundika shuka la kijani ukutani, akalishusha mpaka chini. "Komputa itakula kijani chote, Koko. Nyuma yako panabaki wazi, halafu nakuhamishia Uvira." Mimi nikajifunga kitenge changu, maana kwenye kilio huwezi kuvaa peke yako. Wala mimi wala fundi wangu hatukufikiri. Nilikaa nikalia, na sikuigiza. Nikatupa udongo wa kwenye chungu cha maua.

Akabonyeza. Kitenge kikaenda pamoja na shuka. Kwenye kioo palibaki kichwa changu, mikono na nyayo. Kichwa kinalia peke yake.

"Koko, umebaki soksi na glavu!" akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akalitundua shuka.

Tukarudia kwa shuka la bluu. Safari hii nilitoka mzima, ila nyuma yangu pakajaa miraba ya kijivu na nyeupe, kama sakafu ya hospitali.

"Hapo ni wapi?"

"Si mahali, Koko. Ni alama kwamba hakuna kitu."

"Na mimi nimekaa juu ya nini?"

"Juu ya hicho hicho."

Kuitoa video kwenye komputa wao huita eksipoti. Mashine ilikoroma mchana kutwa. Mara ya kwanza nilitoka na giza nyuma, kama mtu aliyeshushwa shimoni, kwa sababu alisahau kuchagua ule mpangilio wa rangi wenye alama ya kujumlisha. "Hiyo plas ndiyo inabeba uwazi," alisema. "Usipoiweka, uwazi unajaa weusi." Akaiweka, akatoa upya, akanilaza juu ya video ya Uvira. Nikaingia kwenye nafasi yangu kama jino kwenye fizi.

Kwanza nilijivuna. Kisha nikaanza kuona.

Jua la Uvira limewachoma wote, kila mtu ana kivuli kifupi chini yake. Mimi sina. Uso wangu una mwanga wa Saltley, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kitambaa cha yule mama kikapotea nyuma ya shavu langu, na machozi yakaendelea kushuka. Mtoto akakatiza, akaingia tumboni mwangu, akamezwa, akatokea upande wa pili analia. Wanaume wakalinyanyua jeneza shingo zimewatoka mishipa. Mdogo wangu alikuwa na uzito. Mgeni angeulizwa hapa maiti ni nani, angeninyooshea mimi kidole.

"Futa," nikasema.

"Koko, ni kivuli tu. Nitakitengeneza."

"Utanitengenezea na pumzi?"

"Sasa wao niwaambie nini?"

"Sikufika, na hamtanionyesha kama niliyefika."

Kumwambia mjukuu kulikuwa rahisi. Nikampigia kifungua mimba.

"Mama mkubwa, usitufanyie hivi! Wadogo zangu hawajanyoa, hawajarudi sokoni. Ni picha tu!"

"Weka simu kwenye spika, wakusanye. Nitawaambia kwamba nimezuiliwa, na kwamba nililia huku."

"Sauti haikai mkekani."

"Basi pabaki wazi."

Akashusha sauti. "Hapako wazi tena. Watoto wanakusalimia pale kila asubuhi. Wanawake wanakutengea sahani."

"Na jioni sahani inakuwaje?"

Akaweka simu kwenye spika. Nilisikia watu wengi wakisogea nyuma yake, kama wanaosubiri mzee aongee. Nikashika simu kwa mikono miwili, nikapaza sauti ili wote wanisikie.

"Sikufika, na hamtanionyesha kama niliyefika."