Mzee Luseno na Foleni ya Mawe

Katika zahanati ya mtaa wao watu hawakupanga foleni, walipanga mawe. Ulidamka, ukaacha jiwe lako mlangoni, ukarudi nyumbani kunywa chai. Mzee Luseno, aliyepanga safari za treni kwa miaka thelathini, aliuona utaratibu huo kuwa matusi matupu. Na Jumatatu hii hakuwa na subira. Vidonge vyake vya presha viliisha Ijumaa, kichwa kilimgonga, na mkewe Khalayi alikuwa ameapa kwamba akirudi bila dawa, ataitiwa dada yake kutoka Kakamega aje kumchunga.

Alifika na kadi za maboksi, namba moja hadi sitini, akayapiga mawe yote teke.

"Wee mzee, jiwe langu!" akafoka Jacklyne, muuza mboga mwenye ugonjwa wa sukari.

"Jiwe haliumwi, mama. Anayeumwa asimame hapa!"

Akawagawia kadi, kisha akawatenga: watoto chumba cha chanjo, wagonjwa wapya kwa daktari, wa presha na sukari kwa Sista Aoko, anayepima na kutoa dawa. Zamani wote walimsubiri daktari, ambaye kutwa alikuwa akiwaambia nusu yao waende kwa Sista Aoko. Luseno alizunguka akinyoosha mistari na kukemea wachelewaji, raha tupu, hata kichwa akakisahau.

Saa nne akajongea kupimwa.

"Kadi?" Jacklyne akamzuia.

Alikuwa amezigawa zote. Hakujiwekea hata moja.

"Mimi ndiye niliyezigawa!"

"Basi sheria unaijua. Rudi nyuma, mzee wetu, usituletee mambo ya mawe."

"Buda, line ni line!" kijana mmoja akadakia, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Luseno akachana kipande cha boksi, akaandika sitini na moja, akaenda mkiani amenuna. Kichwa kikaanza tena, na sasa aliogopa kwelikweli. Siku zote za mawe, hata mtu wa arobaini alikuwa hafikiwi kabla ya mlango kufungwa saa saba, na ukishafungwa ni mpaka kesho. Alijilaani kwa kiherehere chake.

Saa sita na robo Sista Aoko akachungulia.

"Sitini na moja!"

Luseno akageuka nyuma kumtafuta mwenye namba hiyo.

"Ni wewe, mzee," Sista Aoko akasema. "Ingia. Dawa bado ziko."