Laini Iliyokaa Bure

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kabla sijavua koti. Ilikuwa Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya sabini, baridi ya Juni inauma, nami nimetoka chuo cha ufundi wa simu nikijiona mtu. Fundi Mkuu, Mnyakyusa mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliniambia niupime mtambo wa kuunganisha simu. Nikapiga simu moja, ikaita, ikapokelewa. Nikamwambia mtambo unafanya kazi.

"Unafanya kazi!" akafoka. "Mtu mmoja akivuka daraja, daraja limepimwa hilo? Mimi sitaki kujua kama unafanya kazi. Nataka kujua unashindwa wakipiga wangapi, na ukishindwa nani anaumia."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mpaka nastaafu: kupima mitambo ikiwa imeelemewa. Mnaopima mifumo ya kompyuta siku hizi mnadhani jambo hili mmelianzisha ninyi. Sisi tulilifanya kwa bisibisi, na kwa watu, na watu ndio walioniotesha mvi.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Iringa. Nilipapenda, nikaoa, nikaanza kujenga nyumba mtaa wa Mlandege. Wakati huo ulikuwa umeletwa mtambo wa kujiendesha, yaani mpigaji anazungusha namba mwenyewe bila kupitia kwa opereta. Kutoka tarafa moja ya milimani kuja mjini kulikuwa na laini sita tu. Wote walizitumia hizo hizo: ushirika, shule, wenye maduka, na hospitali ya misheni ambayo haikuwa na daktari wa upasuaji. Mgonjwa akizidiwa, Sista Mkuu wa pale alipiga simu mjini, daktari akatuma gari.

Zamani za opereta hilo halikuwa tatizo. Laini zikijaa, opereta aliingilia kati: "Samahani wazee, hospitali inaita," nao wakakata. Mtambo mpya haukuwa na mdomo. Aliyewahi ndiye aliyepata, hata kama alikuwa anaulizia bei ya chumvi.

Basi nikaandaa jaribio. Kila mwenye simu kule milimani alitakiwa kupiga mjini saa nne asubuhi, ataje jina, ahesabu moja hadi kumi, akate, apige tena. Nilizunguka mwenyewe kuwaeleza, mmoja mmoja. Wakaitikia wote kwa kichwa.

Saa nne ilipofika nikavaa vifaa vya kusikilizia, nikachomeka kwenye laini ya kwanza. Alikuwa Mzee Sanga, karani wa ushirika, anazungumza na mwalimu mmoja wa mjini.

"Kamwene, mkwe."

"Kamwene. Habari za huko?"

"Njema. Mama hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu. Mvua je, huko kwenu?"

Nikaingilia kati. "Mzee Sanga! Umeambiwa uhesabu!"

"Nitahesabu, mwanangu. Nimalize kwanza kumwamkia mkwe wangu."

Laini ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ya tatu hawajafika hata kwenye habari za mifugo. Laini zote zilijaa salamu, na Sista alipozungusha namba ya daktari akapata mlio wa kujaa. Akajaribu tena na tena, wapi! Nilitamani kung'oa waya kwa meno.

Nikampelekea Meneja wa Mkoa matokeo. Alikuwa mtu wa tai na haraka, na ufunguzi wa mtambo ulikuwa umekaribia, mkubwa wake anakuja kukata utepe.

"Waambie waache salamu," akasema.

"Kwenye jaribio wataacha, Meneja. Siku ya kazi hawataacha."

"Jaribio ndilo ninalotaka lipite."

Likarudiwa, safari hii kwa makarani wake mwenyewe aliowapandisha milimani kwa gari. Moja, mbili, tatu, kumi, kata. Lilipita vizuri ajabu. Akanisukumia karatasi ya kuuthibitisha mtambo. Nikamwambia sisaini mpaka laini moja kati ya zile sita itengwe kwa ajili ya hospitali peke yake.

"Ikae bure kutwa nzima? Watu wanalia hawana simu, wewe unataka laini ikae bure?"

"Ikae bure, Meneja. Mgonjwa hawezi kupanga foleni nyuma ya habari za mvua."

"Nitakurudisha Mbeya ukapande nguzo!"

Nyumba yangu ilikuwa imefika kwenye linta, na mke wangu alikuwa hataki hata kusikia neno Mbeya. Nilikasirika, na niliogopa pia, lakini sikusaini. Mgeni alipobakiza siku mbili kufika, Meneja akanyanyua mikono. "Chukua laini yako. Na uhamisho wako utafuata."

Kabla ya uhamisho kufika, ushirika ukatangaza lori za kubeba mahindi, na tarafa nzima ikanyanyua simu kwa pamoja. Laini tano zikajaa pale pale. Nilikuwa kwenye mtambo nikisikiliza watu wakijuliana hali huku mahindi yakisubiri, mara taa ya hospitali ikawaka. Nikachomeka. Ikaita mara moja, daktari akapokea. Nilifurahi nikakaribia kuruka. Kisha nikamsikia Sista.

"Kamwene, Daktari."

"Kamwene, Sista. Habari za huko?"

"Njema tu. Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo. Nanyi?"

"Nasi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Wagonjwa wako wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri. Wa kwako je?"

"Vizuri tu, Daktari. Ila tuna mama hapa uchungu umemkwama tangu jana, anatufia."

Gari liliondoka mara moja. Mama alipasuliwa jioni ile, akapona, na mtoto akapona. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, jasho linanitiririka, sijui nicheke au nitukane.

Sasa nimestaafu, ninaishi Soweto hapa Mbeya, maana uhamisho ulikuja kweli na ile nyumba ya Mlandege niliiuza bila bati. Kila mwisho wa mwezi nikienda Mwanjelwa kutuma pesa, binti wa dirishani huniambia, "Mfumo umezidiwa, babu." Humuuliza ulipimwa na nani. Huniambia ulipimwa na wataalamu, ofisini, na ulipita vizuri. Nawajua hao, walihesabu moja hadi kumi wakakata.

Sijutii laini ile. Niliipigania ili mama anayekufa asisubiri salamu za wengine, na hakuzisubiri. Alisubiri za Sista peke yake, na hizo hakuna fundi angeweza kuzipunguza.